Hewa ya Jumatatu Nane

Chupa zote nane zilikuwa mahali pake, zimepangwa kwenye kreti, vali zimefungwa. Kilichoibwa ni hewa iliyokuwa ndani.

Inspekta Leonida Nakhumicha alimwomba Daktari Jeruto arudie maneno hayo. Alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wa mahindi, hata wa lango la kanisa, lakini huu ulikuwa mgeni kwake. Jeruto akarudia bila kucheka. Kila Jumatatu hewa ya mlima wa Timboroa ilijazwa chupani kwa pampu, ikaletwa ofisini hapa Eldoret, kisha ikapelekwa ng'ambo kupimwa gesi zinazokula tabaka la ozoni, zile za friji kuukuu zilizopigwa marufuku. Chupa iliyojaa huwa na shinikizo. Asubuhi hiyo alikuwa ameziunganisha na geji moja baada ya nyingine, na mshale haukutikisika.

Ukutani palikuwa na grafu ya gesi hizo kwa miaka kumi na tisa. Mstari ulishuka polepole mwaka hadi mwaka, halafu mwishoni, mwezi wa Januari, ukainuka ghafla kama mkia wa mbuzi.

"Huo mkia ndio unaninyima usingizi," Jeruto alisema. "Chupa hizi ndizo zingetuambia kama gesi inaendelea kupanda. Bila hizo wafadhili watasema vipimo vyetu havifai, na kituo chetu cha Timboroa kitafungwa."

Mshukiwa alipatikana kabla ya saa nne. Dennis Mungai, fundi wa friji mjini, alifika ofisini Jumatatu iliyotangulia akitokota, kwa sababu Jeruto aliwalaumu mafundi kwenye mkutano wa kaunti kwamba wanavujisha gesi. Mlinzi alimsikia akiapa kupasua chupa. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye kitasa cha stoo. Akatiwa ndani.

"Uligusa chupa?" Leonida aliuliza.

"Sikugusa, madam. Nilikosa mtu, nikachungulia stoo, nikatoka."

"Ulisema utazipasua."

"Nilisema, hasira tu. Lakini mimi hufix friji. Hewa ya Timboroa nitauzia nani?"

Leonida nusura acheke, lakini jambo moja lilimkwama. Mwenye hasira angepasua. Mwizi huyu alifungua chupa moja moja, akangoja itoe pumzi, kisha akaifunga tena. Nani humwaga kitu halafu akarudisha kifuniko?

Alimrudia mlinzi, akamuuliza ni nani mwingine aliyeingia Jumatatu. Mlinzi akasema hakuna, ila Mzee Kipyego, aliyeleta chupa ya wiki kama kawaida. Huyo hasaini kitabu, ni wa nyumbani.

Alasiri Leonida alikuwa Timboroa, koti limefungwa hadi shingoni. Kipyego, mzee mwembamba aliyelinda kituo tangu kianze, alikubali kumwonyesha kazi yake. Alimsimamisha pembeni, upepo ukimpiga usoni, akamkataza kupumua karibu na chupa. Pampu ikanguruma. Mzee akafunga vali ya kutokea, akafunga ya kuingilia, kisha akapitisha dole gumba juu ya zote mbili kuhakikisha.

"Kama chupa ni tupu, unaweza kuiacha wazi?"

"Chupa haiachwi wazi, madam. Vumbi likiingia, imeharibika."

Leonida alitazama nyuma ya kibanda cha pampu. Kwenye saruji, karibu na soketi ya stima, palikuwa na mraba safi wenye alama nne za kutu.

"Hapa palikuwa na nini, Mzee?"

"Friza ya mama watoto. Ya kuweka maziwa. Kwetu hakuna stima."

"Ya zamani?"

"Ya zamani sana. Ilikuwa haigandishi vizuri." Akausugua ule mraba kwa kiatu. "Niliileta Januari. Iko Chepsaita sasa, kwa shemeji."

"Dennis Mungai yuko seli kwa sababu ya hewa hii. Ulipoimwaga, mbona ulifunga chupa?"

Kipyego aliketi juu ya kreti. Alitazama mikono yake, na Leonida akamhurumia, ingawa si kazi ya polisi kuhurumia.

"Sikujua nimefunga," mzee alisema. "Mkono ulifunga wenyewe. Daktari aliponionyesha ule mkia, nikakumbuka friza ile inavuja. Miaka kumi na tisa nimeona mstari ukishuka, madam. Hata kanisani wanajua ni kazi yangu. Sasa ni mimi nimeuinua. Jumatatu nikasikia chupa zinasafirishwa, nikaona heri zisifike ng'ambo."

Jioni, Leonida alipomfikisha Kipyego kituo cha polisi Eldoret, Dennis aliachiliwa akaondoka bila kuaga. Jeruto alifika na daftari la Timboroa, ambamo kila wiki Kipyego aliandika upepo, mvua, hata lori lililopita. Friza haikuwemo.

"Uliiondoa lini?" Jeruto aliuliza.

"Siku ile ile uliponionyesha grafu."

Jeruto alihesabu kurasa kwa kidole. "Basi chupa tano za mwisho zilikuwa safi, Mzee. Mstari ulikuwa umeshashuka. Hizo ndizo zingetuokoa."

"Ulinifundisha gesi hii hukaa angani miaka mia. Nikajua bado iko pale."

"Iko angani, lakini si mlimani kwako. Upepo uliiondoa siku hiyo hiyo."

Kipyego aliomba kalamu. Leonida akampa. Mzee akaandika polepole kwenye ukurasa wa Januari kwamba friza ililetwa, akageuza kurasa, akaandika siku ilipoondolewa.

"Jumatatu nani atajaza chupa?" aliuliza.

Jeruto akafunga daftari. Leonida alichukua kalamu yake, akafungua jalada, akaanza kuandika shtaka la kuharibu mali.