Mgeni Aliyeitikiwa Salamu

Jumatano, tarehe 15 Agosti 1951, saa tatu asubuhi, upepo mkavu wa kipupwe ulikuwa ukivuma Mtinko, wenye baridi kiasi kwamba waliopura mtama walifanya kazi wamejifunga shuka mabegani. Jioni iliyotangulia gari la sinema la serikali lilikuwa limefika kijijini kwa mara ya kwanza, likatundika kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili na kuonyesha picha bubu ya askari waliotoka vitani wakifundishwa kilimo.

"Ng'ombe walikuwa wazuri," alisema Laurenti huku akipura, "lakini yule mwenye plau hajapata kulima. Anaishika kama aliyelazimishwa kumshika mkono mama mkwe."

"Mimi walinikera walipomkatisha yule mama wa mtungi," alisema mkewe, Redempta. "Amechota maji, kisha basi. Alifika kwake au hakufika?"

"Na yule kijana asiyelima, aliyesimama pembeni kulia?"

"Kulia kwangu pia."

Laurenti aliacha kupura. Yeye alikuwa amekaa mbele ya kitambaa. Redempta, kwa kukosa nafasi, alikuwa amekaa nyuma yake, ambako kila kitu kilionekana kimegeuka. Kijana mmoja hakuweza kuwa kulia kwa wote wawili.

"Alinitazama," Redempta alinong'ona.

"Hata mimi."

Jirani yao Dorkas, mjane aliyekuwa akipepeta mtama, hakuinua uso. "Ni Ignas wangu," alisema. "Midomo yake ilisema shikamoo. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia karibu nyumbani. Mtoto akikuamkia, utanyamaza?"

Ignas, mwanawe wa pekee wa kiume, alikwenda jeshini mwaka 1942; miaka miwili baadaye ililetwa barua kwamba amepotea Burma na hajulikani alipo. Dorkas alikataa kunyoa nywele za msiba. Alisema hatanyoa kwa ajili ya karatasi.

Jumatano hiyo hiyo, saa saba mchana, aliingia katika nyumba yake ya tembe akakuta harufu ya vumbi lililoungua juu ya chuma cha moto. Alhamisi mbuzi waligoma kuvuka kizingiti. Ijumaa ilianza sauti, tr-r-r-r, nyembamba, isiyopumua, kama ya lile gurudumu la mashine ya sinema. Na ukutani, mahali ambapo mwanga wa jua haukupata kufika, palitokea weupe wa kimo cha mtu, na ndani ya weupe huo alisimama kijana wa rangi ya kijivu, ambaye midomo yake ilikwenda bila kutoa neno.

Dorkas alimwandalia ugali. Haukuliwa, lakini ulipoa papo hapo. Hata hivyo alikaa mbele ya ukuta ule kutwa nzima akimsimulia habari za miaka tisa, na kwa siku mbili alikuwa na furaha.

Kisha bintiye, Kristina, aliyelala chumba chenye ukuta ule, akaanza kufifia: kwanza midomo, kisha kucha, kisha uso wote, hata kufikia Jumatatu asubuhi alikuwa wa rangi ile ile ya kijivu, na alipomwita mama yake midomo ilikwenda lakini sauti haikutoka.

Redempta alikimbia kumleta Bibi Stumai, mganga. Bibi Stumai alisimama mlangoni, akanusa, akanyunyiza majivu kuanzia ukutani hadi nje ya kizingiti.

"Shikamoo, bibi," Dorkas alisema.

"Marahaba. Mama Ignas, huyo ni jini. Jini huazima sura ya mtu, lakini miguu haazimi. Akitoka utaona kwato za punda humu kwenye majivu."

"Na kama ni mwanangu?"

"Ulimkaribisha kwa mdomo wako, na mdomo wako ndio utakaomtoa. Mwambie amekufa, na kwamba hapa si kwake. Au subiri, umpoteze na huyu."

Dorkas alimtazama Kristina, ambaye kifua chake kilikuwa kikipanda kwa taabu, akamtazama tena kijana wa ukutani, ambaye alikuwa amenyoosha mikono kama anayeomba kupokewa mzigo, sauti ya gurudumu ikizidi na harufu ya kuungua ikijaa chumba.

"Ignas amekufa," alisema. "Hapa si kwako. Toka."

Gurudumu likanyamaza. Kwa mara ya kwanza ikasikika sauti, ya chini, ya mtu aliyechoka kwa safari: "Mama." Halafu ukuta ukawa udongo mtupu. Ilikuwa saa tisa alasiri.

"Maji," Kristina alisema, na damu ikamrudia midomoni. Redempta alilia kwa shukrani. Bibi Stumai alikuwa tayari anafunga mkoba wake.

Dorkas peke yake ndiye aliyeinama kutazama majivu. Hakukuwa na kwato. Zilikuwa nyayo za mtu aliyekwenda peku, polepole, kuelekea nje. Alipiga magoti kando ya unyayo wa kushoto. Mwaka ambao Ignas alikuwa na umri wa miaka sita, jembe lilimkata mguu wa kushoto shambani, na Dorkas ndiye aliyechana kanga yake mwenyewe kumfunga jeraha. Hakuwa amemwambia mganga jambo hilo, kwa kuwa hakuulizwa. Alihesabu vidole kuanzia kile kikubwa. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili.

Vilikuwa vinne.