Glavu Hazikumuua Tsakani Wangu

"Glavu ndizo zimemuua!"

Jamani, neno hilo nililisikia matangani, mwili wa mwanangu bado uko ndani! Eti mizimu imekasirika, mganga gani anagusa watu kwa plastiki?

Likanikwama kichwani. Nikilala nalo, nikiamka nalo...

Tsakani alikuwa mganga hapa Bushbuckridge, Afrika Kusini. Alichanja watu chale na kuwapaka dawa. Akiwa kazini hata mimi niliyemzaa nilimwita Bibi, kama waganga wote wanavyoitwa. Alikuwa wa kwanza kijijini kuvaa glavu.

Kisha macho yake yakawa ya njano. Ini likagoma. Hospitali wakasema ni virusi vya kwenye damu.

Damu gani, na glavu alivaa?!

Basi Sista Nyeleti, nesi wetu aliyegawa glavu hizo, alipoita waganga awafundishe kujikinga na damu, nikaenda. Nilitaka nimtukane mbele za watu.

Bibi Mathebula, aliyemfundisha Tsakani uganga, akaniwahi.

"Sista, hizi soksi zako za mikono zimemmaliza mtoto wa huyu mama. Mimi sivai!"

"Leo tu, Bibi. Nichanje mimi, kwa kuigiza."

"Nikikuchanja kweli je? Mdomo huo unahitaji dawa!"

Watu wakacheka. Bibi akavaa glavu. Sista akajipaka rangi nyekundu mkononi, ndiyo iwe damu.

Bibi akapaka dawa vizuri kabisa. Akamaliza. Halafu, kama waganga wetu wote, akafungua kopo la ugoro kuishukuru mizimu... akavuta puani.

Glavu bado mkononi.

Sista akamshikia kioo.

Pua nyekundu!!!



"Mama Tsakani..." Bibi akanigeukia. "Ndivyo nilivyomfundisha. Shukuru kwanza, mikono ikiwa bado na dawa."

Nilitoa kopo la ugoro la mwanangu mfukoni. Kwenye kifuniko, alama za vidole za kahawia. Siku zote nilidhani ni kutu.

Na tangu tumzike, kila asubuhi nilivuta humo ili niongee naye...

Wenzangu wenye watoto waganga, kila mmoja amsimamie mwanawe:

Asishike ugoro, simu wala uso akiwa na glavu za kazi.

Asivue glavu kwa kushika upande wa damu kwa mkono mtupu.

Asivae glavu zilezile kwa mtu wa pili. Asizifue.

Asirudie wembe.

Na wewe, usivute ugoro kwenye kopo la marehemu, hata umkumbuke vipi. Mimi nimepimwa. Nangoja majibu.