Ngazi Kwenye Mtufaha

Kila asubuhi Kinuyo aliweka wali na kikombe cha chai mbele ya picha ya marehemu mumewe, Yasuji. Kisha aligonga kengele ndogo na kuunganisha viganja.

"Bado," alimwambia. "Nivumilie kidogo."

Yasuji alikuwa amemwomba kitu kimoja hospitalini. "Nikishaondoka, niandikie haiku. Moja tu, lakini iwe nzuri." Haiku ni shairi fupi mno la Kijapani, lenye neno la majira na mizani kumi na saba tu: tano, saba, tano. Kinuyo akaona ni kazi ndogo. Akajiunga na kikundi cha haiku cha kijijini.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Wiki ijayo ndugu wangekuja kwa ibada ya kumkumbuka, naye hakuwa na shairi la kuweka mbele ya picha.

Si kwamba alikuwa mvivu. Aliandika mpaka kidole kikaota sugu. Lakini kikundini mashairi huandikwa kwenye vikaratasi bila majina. Vikaratasi huchanganywa, kisha watu wengine huyanakili ili mwandiko usimtambulishe mtu. Halafu kila mmoja huchagua analolipenda na kulisoma kwa sauti, na mwenye shairi hujitaja jina. Mwaka mzima Kinuyo alirudi nyumbani bila kulitamka jina lake.

"Mama, acha tu," alisema binti yake, Mitsue. "Kwani baba atakuja kukudai?"

"Humjui baba yako wewe! Huyo atakuja."

Siku hiyo akapita jirani yao, mzee Kasai, akitoka kupogoa mitufaha yake. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi, na rafiki wa Yasuji tangu utotoni. Kinuyo akamwonyesha shairi jipya. Lilihusu maua ya cheri yanayodondokea huzuni yake kubwa.

Kasai akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Shemeji, haya maua umeyaona wapi?"

"Si ni Machi? Majira ya kuchipua. Kitabu cha maneno ya majira kinasema cheri."

Kasai akafungua mlango. Nje theluji ilifika magotini.

"Kitabu kimeandikwa na watu wa kusini. Kwao cheri ziko karibu kuchanua. Huku kwetu Tsugaru, kaskazini kabisa, tungoje mpaka mwisho wa Aprili. Wewe unaandika majira ya watu!"

"Mbona wenzangu wote wanaandika maua?"

"Ndiyo maana huwa nasinzia."

Kinuyo akacheka bila kupenda.

"Na huzuni je? Ninayo. Nisiiseme?"

"Unayo, najua," alisema Kasai kwa upole. "Hata mimi ninayo. Lakini ukimwambia msomaji una huzuni, atakupa pole, atageuza karatasi. Mwonyeshe ulichokiona, huzuni ataipata mwenyewe. Toka nje, shemeji. Tafuta kitu kimoja cha leo, cha shambani kwako."

Kinuyo akavaa buti, akatoka. Alizunguka shamba lote, lakini mahali pamoja alipakwepa. Mwishowe akajilazimisha.

Hapo palikuwa na mtufaha, na ngazi imeuegemea. Machi iliyopita Yasuji alikuwa juu yake akipogoa, kifua kikambana. Akashuka, akapelekwa hospitali, hakurudi. Ngazi haikuguswa tena. Mitsue alisema itaoza, Kinuyo akamfokea.

Mwezi Januari theluji ilikuwa imeimeza ngazi nusu. Sasa theluji ilikuwa inapungua. Kidato kimoja kilikuwa kimejitokeza, kibichi, kinang'aa kwa maji. Jana hakikuwepo.

Kinuyo akalia hapo hapo, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Alipomaliza, akaanza kuhesabu mizani kwa vidole.

Siku ya kikundi, mama mmoja alisimama kusoma alilolichagua.

*Ngazi ya bwana:*
*theluji yayeyuka,*
*kidato tena.*

Akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"La nani?"

"Kinuyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Hatusikii huku!" alipaza sauti Kasai.

"Kinuyo!"

Watu wakacheka, naye akacheka. Wengine wanne walikuwa wamelichagua. Alilitaja jina lake mara nne zaidi, na kila mara lilitoka kwa urahisi zaidi.

Siku ya ibada, Kinuyo aliweka karatasi kando ya chai. "Haya," alimwambia Yasuji. "Hiyo hapo."

Mitsue alisoma. Akafuta macho kwa mkono wa nguo, akatazama dirishani.

"Mama," aliuliza kwa woga, "wajomba wapo. Niwaombe waiondoe ngazi?"

Safari hii Kinuyo hakufoka. Alisogea dirishani, akaitazama ngazi.

"Ngoja kidogo," alisema. "Bado kidato kimoja hakijatoka kwenye theluji."