Hedifoni Ambazo Nusrat Hakuzivaa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Nusrat alifuta dawati lake kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani. Alifuta juu, akafuta chini, huku amekunja uso kama aliyelamba shubiri. Darasa la saba zima lilimwita Bi Kinyaa. Nzi akitua kwenye chapati yake, haigusi tena. Na Obedi, aliyekaa dawati la nyuma, akivuta kamasi, Nusrat huziba masikio.

"Ptuu! Wewe Obedi, hivi kwenu hakuna leso?"

"Ipo, ila anaitumia babu," Obedi hujibu, na darasa linaangua kicheko.

Shule yao ipo Igoma, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Grenda ya kukatia vyuma ikianza kulia, Mwalimu Gosbert wa hisabati hupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Muhula huo kiti kimoja kilikuwa kitupu. Raya, rafiki wa Nusrat, aliteleza kwenye mawe nyuma ya kwao Mirongo, akavunjika mguu. Alilala nyumbani na plasta hadi pajani, na mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa unakaribia. Walimu na wazazi wakakubaliana masomo yarekodiwe, Raya atumiwe kwenye simu ya mama yake. Mzee Iqbal, mwenye duka mjini, akawaazima vifaa vya aina mbili wavijaribu: kamera kubwa ya kusimamisha nyuma ya darasa, na simu yenye maiki ndogo ya kubana kwenye kola ya mwalimu. Wachague kimoja, kingine kirudi dukani jioni hiyo hiyo.

Mwalimu Gosbert alifundisha uwiano huku vyote viwili vikirekodi. Kipindi kilipokwisha akamwita Nusrat, kiongozi wa klabu ya habari.

"Picha hata mimi naiona. Sauti ndiyo inanitia shaka. Kaa ofisini, vaa hedifoni, sikiliza kamera, halafu sikiliza simu. Utakachosema wewe ndicho tutakachochukua."

Nusrat akafungua boksi la kamera. Lahaula! Hedifoni zilikuwa zile za wateja kujaribia dukani, zilizopita kwenye vichwa vya nusu ya mji. Sponji zimeshiba jasho, zinanata kwa mafuta ya nywele. Katikati ya sponji ya kushoto kulikuwa na donge la nta ya sikio, la manjano, na unywele umejikunja juu yake. Zilinuka kama soksi iliyosahauliwa kwenye ndoo. Alizishika kwa ncha za vidole, akazirudisha, akaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Kamera haikuwa na spika. Akatazama picha tu: chaki inasomeka, shati la mwalimu linang'aa. Ile simu hakuigusa kabisa, maana bila kuisikia kamera hakuwa na cha kulinganisha.

"Enhe, umesikiliza?" Mwalimu aliuliza aliporudi.

"Nimesikiliza, mwalimu. Tuchukue kamera. Sauti safi kabisa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Basi kamera ikabaki, simu na maiki vikarudi kwa Mzee Iqbal.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Nusrat alikwenda Mirongo kumwona mgonjwa. Mama Raya alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, mwambie mwenzio asome. Kila jioni nikirudi sokoni nampa simu, anailaza kifuani, analia. Jana nimemgombeza mpaka nimechoka. Eti hasikii! Kwani masikio nayo yamevunjika?"

Raya alikuwa na macho mekundu. "Kaa usikilize mwenyewe," alisema, akabonyeza.

Mwalimu Gosbert akafungua mdomo, na grenda ikapiga yowe. Iliponyamaza, ikasikika sauti ya aliyekuwa karibu zaidi na kamera: Obedi anavuta kamasi. Fyooo! Anameza. Anavuta tena. Kisha anatafuna muwa, kama anatafunia ndani ya sikio lako.

"Wiki nzima nasikiliza kamasi za Obedi," Raya alisema. Hakucheka. "Uwiano sijui hata unaanzia wapi. Nani alisikiliza hii akasema ni nzuri?"

Nusrat alihisi kinyaa kile kile cha siku ile. Safari hii hakikuletwa na Obedi wala nta ya mtu. Alijichukia mwenyewe.

"Ni mimi. Sikusikiliza. Hedifoni zilikuwa chafu, nikaona kinyaa, nikadanganya."

Mama Raya akashika kiuno. "Kumbe mtoto nimemgombeza bure!"

Raya akageukia ukutani. Hilo lilimuuma Nusrat kuliko kofi.

Jumatatu alimweleza Mwalimu Gosbert. Mwalimu alimtazama kama anayetazama kitu kilichooza, akasema tu, "Chukua boksi, twende."

"Lakini mlisema mmeridhika!" Mzee Iqbal alilalamika dukani.

"Nilisema mimi, babu, bila kusikiliza. Hebu zitazame."

Mzee Iqbal akazitazama hedifoni, akazinusa, akazitupa mezani. "Astaghfirullah! Na wateja nawavisha hizi?" Akakubali kubadilisha kamera kwa simu na kuwaachia hedifoni, kwa sharti moja: Nusrat azisafishe. Akampa spiriti na pamba. Nusrat alibana pumzi, akang'oa lile donge, akasugua. Kazi ikaisha hata kabla mwalimu hajamaliza soda.

Kwa maiki ya kwenye kola, grenda ilisikika mbali kama nyuki ndani ya chupa, na sauti ya mwalimu ilikuwa karibu, kila neno. Wiki hiyo Mwalimu Gosbert alirudia masomo yote baada ya saa za shule, na Nusrat alisikiliza kila video kabla ya kuituma. Ijumaa ukaja ujumbe wa sauti wa Raya: "Nusrat, maswali ya uwiano nimepata yote! Ila mwambie Obedi nimemkumbuka."

Mwalimu alicheka, kisha akamgeukia Nusrat.

"Kuona kinyaa si kosa. Hata mimi ningeona. Ungeniambia, 'Mwalimu, hizi chafu,' tungezifuta palepale. Ile nta ilitoka kwa pamba na spiriti. Uongo wako umemgharimu Raya wiki nzima na machozi, na mama yake akamwona mvivu. Ukipewa kazi ambayo mwenzako anaitegemea, ifanye. Na kama hukuifanya, sema hukuifanya."

"Ndiyo, mwalimu."

Video ya mwisho ilikuwa bado haijatumwa. Nusrat akatoa kitambaa chake, akafuta hedifoni, akazivaa.