Raba Zilizokataa Kuzeeka

"Shangazi anaumwa goti," simu ilisema.

Maana yake: acha unachofanya, vaa koti, toka.

Kibiriti alikuwa akizipaka mafuta raba zake za kale, kiti cha pili kikiwa kitupu kama kawaida. Alikuwa nazo kabati zima. Kuzivaa hakuruhusiwa, jasusi hatakiwi kuwa na miguu inayokumbukwa. Basi alizitunza tu, na siku nyingine alijikuta akizisemesha, maana nyumba ile haikuwa na mwingine wa kusemeshwa.

Asubuhi hiyohiyo aliingia kwenye duka la raba za kale. Bastola ya Beretta kwapani. Brashi ya viatu mfukoni. Sikioni, sauti ya mkuu wake, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi.

"Kuna chipu ndani ya raba moja humo. Ina picha ya mdogo wako akiongea na mimi. Aliyeipiga tumemkamata, nakala nyingine hakuna. Genge wakiifungua, wanamuua."

"Raba gani?"

"Mwenye wazimu wa raba ni wewe. Tafuta."

Mdogo wake alikuwa amepandikizwa ndani ya genge la magendo, dereva wao. Tangu aingie huko hawakuwahi kuonana.

Muuzaji, bwana wa shati la maua na maneno mengi, alimshushia jozi kutoka kabati la kioo.

"Toleo la kwanza hili, mzee wangu. Tangu litoke kiwandani limekaa kwenye boksi. Halijakanyaga ardhi."

Kibiriti alibonyeza kisigino kwa kidole gumba.

Soli ikadunda.

Hapo muuzaji alikuwa amejichongea. Soli ya povu ikikaa miaka bila kutembewa, unyevu huila kimyakimya, na ukiigusa humeguka kama biskuti ya juzi. Mwenye kuipenda raba huivaa mara mojamoja. Hii juu ilikuwa kikongwe, chini kijana, na umanjano wake ulikuwa wa majani ya chai. Soli mpya, imebandikwa karibuni.

"Naichukua."

"Nilikuonyesha tu, ina mwenyewe hiyo. Dereva wake huyo anaingia."

Kibiriti akageuka.

Mdogo wake.

Alikuwa amekonda, amefuga ndevu. Uso wa Kibiriti haukusogea. Kijana wa watu ametumwa kubeba kifo chake mwenyewe, wala hana habari.

"Nimekuja kuchukua boksi la bosi," dereva alisema.

"Subiri kidogo," Kibiriti akatoa brashi. "Raba kama hii kuiacha iondoke na vumbi, sitalala."

Muuzaji akacheka. "Nyie wagonjwa wa raba hamponi."

Lakini mkono wake mmoja ulishuka chini ya kaunta, na haukurudi.

Kibiriti alipiga brashi taratibu. Kwenye mpini kulifichwa mtambo wa kuunguza chipu bila moshi wala sauti. Akabonyeza. Saa yake ya Casio ikazimika mkononi.

Chipu nayo kwisha.

Boksi likafungwa. Dereva alilipakata, akafika mlangoni, kisha akageuka kama mtu yeyote mwenye adabu.

"Asante, mzee. Nyumbani hawajambo?"

Muuzaji aliwatazama wote wawili.

"Hawajambo," Kibiriti alisema.

Dereva akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Nje, kisikio kikakoroma.

"Chipu?"

"Imeungua."

"Safi. Wakikuta haisomi watamgeukia muuzaji, wararuane wenyewe. Na mama? Umepata upenyo wa kumwambia?"

"Aliniuliza hali ya nyumbani."

"Ukamjibu nini?"

"Hawajambo."

Hadi asubuhi hiyo, Shangazi ndiye aliyekuwa amezuia habari za msiba zisimfikie kijana. Mwezi uliopita alisimama mbali makaburini, akamtazama Kibiriti akimzika mama yao bila ndugu hata mmoja ubavuni.

Kibiriti akachomoa kisikio, akafunga vifungo vya koti, akavuka barabara. Gari la mdogo wake lilimpita karibu kabisa. Hakuligeukia.