Sifuri Maana Yake Salama

Mgahawa wa intaneti karibu na Mnara wa Saa, Arusha, ulijaa watu pomoni, lakini skripti ya Saadi, fundi wa pale, ilisema hakuna mtu. Alikuwa ameiandika programu hiyo fupi itume amri kwa seva, kompyuta kuu ya mgahawa, iulize ni kompyuta zipi zinatumika. Kila akiiendesha, anapata sifuri.

"Usiilaumu," alisema msichana wa baibui jeusi na mtandio wa zambarau, aliyekuwa akingoja nafasi. "Sifuri maana yake amri imekwenda salama. Umeuliza kama iko salama tu, maneno yake hukuyakinga, kama mtu anavyokinga maji ya mvua."

Akainama, akaizungushia amri vialama viwili vidogo vya kwenye kona ya kibodi. Kompyuta zote zikatajwa.

"Umeona, bwana fundi?"

Huyo ndiye Ummy, mwanafunzi wa kompyuta. Saadi alikwisha kwa mapenzi pale pale, na haukupita muda wakawa wapenzi.

Mwaka haukuisha, Ummy akaitwa Tanga kumuuguza mama yake. Chumba cha Saadi, kule Kijenge, kikawa kikubwa ghafla. Kila jioni, Mlima Meru ukishajifunika mawingu, alipiga simu.

"Hujambo, mpenzi?"

"Sijambo."

"Mama je?"

"Yupo tu. Saadi, kuna jambo..."

"Ilimradi mko salama, roho yangu imetulia. Lala unono."

Na kweli ilitulia, mjinga wa watu. Kisha Ummy akaacha kupokea simu. Saadi akawa anakula chipsi peke yake kibarazani, akijiambia mwenzake kapata mwingine.

Siku moja akaandika skripti mpya, akasahau vile vialama. Sifuri. Akaikodolea macho mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

Jioni hiyo alipiga, akapiga tena, mpaka ikapokelewa.

"Sijambo," Ummy alisema kabla hajaulizwa.

"Hiyo ni sifuri, Ummy. Leo nimekinga. Sema."

Safari hii Saadi hakumtakia usingizi. Halafu akasikia kilio.

"Nimeposwa. Nilikuwa nataka kukwambia tangu Ramadhani."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba nina mtu Arusha. Wakauliza mbona haji."

"Waambie anakuja, na wazee wake. Wiki hii hii, mpenzi, tutapanda basi..."

"Saadi, sijamaliza. Mama tumemzika Ijumaa."

Saadi alisema pole, mara moja tu. Kisha akakaa sakafuni, simu sikioni, akamwacha aseme.