Cherehani Inaponyamaza

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kidomo aliketi kwenye kigoda cha marehemu mama yake kumsikiliza dada. Dada alisoma chuo kikuu. Ijumaa angesimama mbele ya darasa na kuhutubia kwa Kiingereza, awashawishi wenzake kwamba mgonjwa asichelewe kwenda hospitali. Akishindwa, angerudia somo mwaka mzima.

Zamani msikilizaji alikuwa mama, fundi cherehani. Kiingereza chake kilitosha kumsalimia mteja na kumuaga, basi. Dada akihutubia, yeye alishona. Hotuba ikimgusa, mguu ulisahau kukanyaga, mashine ikanyamaza.

"Hapo umenishika, mwanangu," angesema. "Huko kwingine nimemaliza pindo zima."

Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mama alificha uvimbe ubavuni, kila siku "nitakwenda kesho," hadi kesho zikamwishia.

Kidomo hakupewa jina hilo bure. Mdomo wake ulipumzika akilala tu, na hapo pia alikoroma. Lakini mbele ya dada alikuwa bubu, akitikisa kichwa kama mjusi ukutani. Hotuba ilikuwa asilimia juu ya asilimia, naye alisinzia macho wazi.

"Vipi?"

"Nzuri mno, dada!"

Angesemaje? Tangu mazishi, hiyo ndiyo saa pekee ambayo dada hakulia.

Ijumaa dada alirudi akaketi sakafuni, viatu mguuni.

"Wamepiga miayo mpaka nimeona magego yao. Mhadhiri kasema sikumshawishi hata mmoja. Kanipa nafasi moja zaidi, Jumatatu, ndiyo mwisho. Mdogo wangu, kweli wewe hukuchoka?"

Kidomo akaangua kilio. "Nilichoka tangu siku ya kwanza! Niliogopa utalia."

"Bora ningelia hapa kuliko kule mbele za watu."

Baba alikuwa mlangoni. Akaingia, akaiondoa shuka juu ya cherehani. "Keti, Kidomo. Kanyaga. Usimhurumie."

Kidomo akakanyaga bila uzi. Asilimia ya kwanza, mguu ukaenda. Ya pili, ukaenda mbio. Dada akaweka karatasi chini, akaanza upya kwa Kiingereza chepesi ambacho hata Kidomo, mtoto wa darasa la sita, alikielewa. Alisimulia kuhusu fundi aliyebana kimto cha sindano ubavuni, akidai anakiweka karibu na mkono, kumbe anatuliza maumivu.

Mashine ikanyamaza. Baba aligeukia ukuta.

Jumatatu dada alifaulu. "Mhadhiri mwenyewe kafuta macho," alisema, naye akafuta yake.

Baba akawavuta wote wawili karibu. "Mama yenu alificha uvimbe ili tusiumie. Wewe, Kidomo, ulificha miayo kwa sababu hiyohiyo. Huo ni upendo, wanangu, lakini unaangamiza. Anayekupenda hukwambia ukweli mapema, wewe ungali na nafasi ya kujirekebisha."

Kidomo hakutikisa kichwa. "Nimesikia, baba," alisema.

Jioni hiyo hakuna aliyeirudisha shuka juu ya cherehani.